Kombe la bega "lililokwama": kisa cha kupima mfupa kwa kutazama ngozi

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya kupima mwendo ninamofanya kazi. Umri, jinsia, kazi na kila kinachoweza kumtambulisha aliyepimwa nimeviondoa. Humu namwita mhusika. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaotumia kamera za kunasa mwendo kupima bega, kwa sababu ripoti yenye kosa niliisaini mimi, na kosa lenyewe linaweza kutokea hata pale vifaa vyote vinapofanya kazi barabara.

Usuli

Mhusika alikuja na maumivu ya bega la kulia yaliyodumu miezi kadhaa. Yalimpata zaidi akiinua mkono kupita usawa wa bega. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyemhudumia alihisi kombe la kulia, yaani mfupa bapa wa nyuma ya bega, linasogea tofauti na la kushoto, akatuletea swali moja lililo wazi: mkono unapoinuka, je, kombe hili linazunguka kwenda juu vya kutosha na kuegemea nyuma inavyotakiwa? Jibu lingemsaidia kuchagua mazoezi.

Lilikuwa swali la haki. Mkono hauinuki kwa kiungo cha bega peke yake. Tangu watafiti Inman, Saunders na Abbott walipochapisha kazi yao kuhusu bega mwaka 1944, wengi tumefundishwa uwiano wa mbili kwa moja: katika digrii 180 za kuinua mkono, takriban 120 zinatoka kwenye kiungo cha bega na 60 kwenye kombe. Kwa mtu mmoja mmoja uwiano huo hubadilika kadiri mkono unavyopanda, lakini hoja yake imesimama. Kombe lisipozunguka, mkono haufiki juu, au unafika kwa kukitwisha kiungo mzigo usio wake.

Ugumu wa mfupa wenyewe

Paja ukilibandika vitufe vinavyoakisi mwanga, ambavyo ndivyo kamera zinavyovifuata, ngozi hutetereka lakini kwa kiasi kikubwa hufuatana na mfupa. Kombe haliko hivyo. Ni mfupa bapa unaoteleza juu ya mbavu chini ya misuli na ngozi, na kiungo pekee kinachouunganisha na mifupa ya kiwiliwili ni pale ulipokutana na mtulinga. Asiyeamini na ajaribu: weka kidole gumba kwenye pembe ya chini ya kombe la mwenzako, mkono wake ukiwa umening'inia, uchore alama ya kalamu hapohapo kwenye ngozi. Mwambie ainue mkono mpaka juu. Alama itasogea kidogo tu, ilhali pembe ya mfupa utaikuta imekwenda mbele kuelekea kwapani, umbali wa vidole kadhaa kutoka ulipochora. Kitufe kilichobandikwa kwenye alama ile kingeapa kwamba kombe halijasogea sana.

Kuna njia kadhaa za kuukwepa mtego huo. Ya uhakika zaidi ni kupigilia vipini kwenye mfupa wenyewe; imefanywa kwenye utafiti kwa watu waliojitolea, na haikuwa ya kumfanyia mtu aliyekuja kutafuta nafuu. Picha za eksirei za kamera mbili zinauona mfupa moja kwa moja lakini zina mionzi, nasi hatukuwa nazo. Ya tatu ni kifaa cha miguu mitatu kinachobanwa kwa mkono juu ya pembe tatu za kombe. Hicho hupima vizuri, ila mtu akiwa ametulia, kwa kuwa kila mkono unapobadilisha nafasi lazima upapase upya. Ya nne ni kishada: kibati kidogo chepesi chenye vitufe vitatu, kinachobandikwa juu ya akromioni, ile ncha bapa ya kombe iliyo juu ya bega, ambako ngozi huteleza kidogo kuliko kwingine.

Tulichagua kishada kwa sababu tulitaka mwendo wenyewe, wala si picha za kusimama. Bado naona uchaguzi ule ulikuwa sahihi. Kosa lilikuja katika namna tulivyoutumia.

Kipimo cha kwanza

Kamera 8 zilirekodi fremu 100 kwa sekunde. Kwa kiwiliwili tulifuata mapendekezo ya mwaka 2005 ya Chama cha Kimataifa cha Biomekanika: kitufe kwenye kishimo cha juu ya mfupa wa kidari, kingine kwenye ncha yake ya chini, kimoja kwenye pingili ya 7 ya shingo na kimoja kwenye pingili ya 8 ya mgongo. Kwa kombe mapendekezo hayohayo yanataka sehemu tatu: pembe ya nyuma ya akromioni, mahali mwamba wa kombe (ule ukingo wa mfupa ulioinuka nyuma yake) unapoanzia kwenye ukingo wa ndani, na pembe ya chini.

Sehemu hizi tatu hazibandikwi vitufe. Mikono ya mhusika ikiwa imening'inia, tulizipapasa na kuzigusa moja moja kwa fimbo ya kuonyeshea, na programu ikakumbuka kila moja iko wapi ukilinganisha na kishada. Kuanzia hapo programu inachukulia kwamba kishada na kombe ni kitu kimoja kisichoachana. Njia nzima imesimama juu ya dhana hiyo moja.

Mwenzangu alishughulikia bega la kulia, mimi la kushoto. Tuligawana ili mhusika asisimame muda mrefu na maumivu. Nia ilikuwa njema, lakini hapo ndipo ulinganisho wetu ulipoanza kuharibika.

Mhusika aliinua mikono yote miwili mara tano. Mistari ya grafu ikatoka safi kama ya kitabuni. Kombe la kushoto lilipanda mpaka mwisho. La kulia lilifuatana nalo hadi mkono ulipofika karibu digrii 100, kisha mstari ukalala. Mkono uliendelea kupanda, kombe likabaki palepale. Mikono ilipofika juu kabisa, tofauti kati ya pande mbili ilikuwa digrii 14, na marudio yote matano yalikubaliana.

Jioni ile niliandika: kombe la kulia linakwama kuzunguka kwenda juu baada ya digrii 100. Mtaalamu wa tiba akapanga mazoezi ya misuli inayolizungusha kombe, hasa ule wa ubavuni unaoshika mbavu na sehemu ya chini ya trapezi, msuli mpana wa mgongo wa juu, kwa wiki 6.

Wiki 6 baadaye

Mhusika alirudi na uso mkunjufu. Maumivu yalikuwa yamepungua sana na mkono ulifika juu bila kusita. Tukapima tena kwa utaratibu uleule.

Mstari wa kulia ulilala mapema kuliko mwanzo, na tofauti na upande wa kushoto ilikuwa imeongezeka. Kwa mujibu wa grafu yetu, mtu aliyepona nusu alikuwa amezidiwa.

Nakiri kwamba fikra yangu ya kwanza ilikuwa kuitetea grafu. Nilianza kutunga maelezo: labda maumivu yamepungua kwa sababu amejifunza kulikwepa kombe, labda mazoezi yaongezwe. Aliyenizuia ni mtaalamu wa tiba. Alisimama nyuma ya mhusika, kiganja kimoja juu ya kombe, akamwambia ainue mkono polepole. "Ndugu yangu," aliniambia, "njoo uweke mkono hapa. Linapanda hili."

Kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kutoka kwangu tangu siku ya kwanza. Mkono umefika digrii 160 kutoka kiwiliwilini. Ikiwa kombe limechangia 35 tu, kiungo cha bega kinadaiwa 125 zilizobaki. Bega linalouma miezi kadhaa limezitoa wapi?

Tuliporudi kwenye rekodi

Hatukumpima tena siku ile. Tulimwomba mhusika siku nyingine, naye akakubali. Wakati huohuo nikafungua rekodi ghafi na picha.

Bahati yetu ni kwamba tunapiga picha ya kila kibandiko kabla ya kurekodi. Katika kipimo cha kwanza kishada cha kushoto kilikaa nyuma kidogo, karibu na pale mwamba wa kombe unapokutana na akromioni. Cha kulia kilikaa mbele na nje zaidi, kwenye ukingo ambako deltoidi, ule msuli mnene wa bega, unaanza kufura. Katika kipimo cha pili cha kulia kilikuwa kimesogea nje zaidi ya hapo. Kwa macho ya kawaida ni tofauti ya upana wa kidole kimoja.

Halafu nikaitazama video ya pembeni, fremu kwa fremu. Mkono ukiwa chini, kibati kimelala sawasawa juu ya ngozi. Ukifika usawa wa bega, ukingo wake mmoja unaanza kuinuliwa na deltoidi iliyojikunja, na chini yake kinatokea kivuli chembamba. Ukipita hapo kivuli kinapanuka. Kibati kilikuwa kinapinduliwa na msuli kinyume na mzunguko wa mfupa, wakati mfupa chini yake ukiendelea na safari yake. Mfumo uliona kibati, ukaripoti kombe.

Kwa mtu ambaye deltoidi imeanza kurudisha nguvu baada ya wiki 6 za mazoezi, kibati kilichokaa juu ya msuli huo kitapinduliwa zaidi. Bega lilivyozidi kupona, ndivyo kipimo chetu kilivyoweza kulionyesha bovu.

Mhusika aliporudi tulifanya jaribio dogo. Tuliegemeza mkono wake kwenye meza kwa digrii 90, ukiwa umelegea kabisa. Nikabana kifaa cha miguu mitatu juu ya kombe na kukishikilia. Mwenzangu akamwambia asukume juu dhidi ya kiganja chake, mkono usiondoke mezani. Kifaa cha miguu mitatu kilibaki karibu palepale. Kishada kilipinduka digrii kadhaa mbele ya macho yetu, na hakuna kiungo kilichokuwa kimekunjuka. Mhusika mwenyewe alikiona kwenye skrini.

Kipimo cha tatu na uamuzi uliofuata

Tulibadilisha mambo machache, kila moja kwa sababu yake.

Kishada kilihamia pale mwamba unapokutana na akromioni, pande zote mbili, kikibandikwa na mtu mmoja. Sehemu hiyo iko mbali zaidi na deltoidi.

Kalibresheni, yaani kule kuzigusa sehemu tatu za kombe kwa fimbo, zikawa mbili badala ya moja: mikono ikiwa chini, halafu mikono ikiwa imeinuliwa na kushikiliwa juu. Programu ikachanganya hizo mbili kulingana na pembe ya mkono. Kazi ya pili ni ngumu, wala nisiifiche. Mkono ukiwa juu, chanzo cha mwamba kinazama chini ya trapezi na pembe ya chini inajificha pembeni kwenye mikunjo ya ngozi. Tulipapasa tukiwa wawili, kila mmoja bila kuona alipogusa mwenzake, na tulipotofautiana tulianza upya.

Tulikibandua kishada na kukibandika tena mara tatu siku ileile. Hili lilituchosha sisi na mhusika, na ndilo lililotufaa kuliko yote. Marudio matano ya kwanza yalikubaliana kwa sababu kishada hakikubanduliwa katikati. Kosa lilelile lilirudiwa mara tano. Tulipokibandua na kukirudisha ndipo tukajua namba zetu zinayumba kiasi gani kwa sababu ya mikono yetu wenyewe.

Mwisho, kwenye digrii 30, 60, 90 na 120 mhusika alisimamisha mkono, nasi tukapima kwa kifaa cha miguu mitatu ili kuwa na shahidi wa pili.

Matokeo

Hadi digrii 90 kishada na kifaa cha miguu mitatu vilikubaliana vizuri, hata kwa kalibresheni moja. Kwenye 120, kalibresheni moja ilipunguza mzunguko wa kombe kwa zaidi ya digrii 10. Kalibresheni mbili zilipunguza sehemu kubwa ya pengo hilo. Tofauti kati ya kombe la kulia na la kushoto ikawa ndogo kuliko tofauti tuliyoipata kwa kubandua na kubandika upya. Hapakuwa na kukwama kokote tulikoweza kukuonyesha.

Niliifuta ripoti ya kwanza kwa maandishi na kueleza sababu. Mtaalamu wa tiba aliendelea na mhusika kwa kufuata maumivu, nguvu na shughuli anazoziweza, bila grafu yetu, na baadaye mhusika alirudi kwenye kazi zake zote.

Ilinibidi pia nimweleze mhusika. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo halikukwama?" Nikamwambia hapana, kipimo chetu ndicho kilichokosea. Akasema wiki zote zile alikuwa akilala upande mmoja na kuogopa kufikia rafu ya juu, kwa hofu ya kuliumiza kombe lililokwama. Neno nililoliandika jioni moja alilibeba mwilini wiki 6. Hilo linaniuma kuliko hitilafu ya digrii.

Uchambuzi: tulipoteleza

Tulidanganyika na usahihi wa kamera. Siku zote tatu mfumo ulikadiria mahali pa kila kitufe kwa hitilafu isiyofika milimita moja, na namba hiyo ilionekana kila asubuhi kwenye skrini tulipomaliza kuupanga. Ni namba ya kweli. Lakini inasema kitufe kiko wapi. Mfupa uko wapi chini ya kitufe ni swali jingine kabisa, na hakuna kamera inayolijibu. Tungeongeza kamera zikawa 20, tungeliona kosa lilelile kwa ubora zaidi.

Kuchuja data nako hakusaidii, na hapa nataka kukaa kidogo kwa kuwa nimewahi kuwafundisha wengine vibaya. Tulitumia kichujio cha kawaida kinachokata mitetemo iliyo juu ya hezi 6, yaani mara 6 kwa sekunde. Kinaondoa mtikisiko wa kamera na wa vitufe. Kosa la ngozi haliko juu ya hezi 6. Linapanda pamoja na mkono na kushuka pamoja nao, kwa kasi ileile ya mwendo tunaotaka kuupima, kwa hiyo kichujio hakiwezi kulitofautisha na mwendo wenyewe. Ndiyo maana mstari wetu ulitoka laini na wa kuvutia. Nilichukua ulaini ule kuwa dalili ya ukweli.

Mpaka wa njia ulikuwa unajulikana kabla yetu. Mtafiti Karduna na wenzake walipolinganisha njia ya akromioni na vipini vya mfupani mwaka 2001, walionyesha kwamba inaaminika hadi karibu digrii 120 za mkono na kuharibika juu ya hapo. Nililijua hilo. Nililiweka kwenye aya ya mbinu za ripoti, kisha nikaisoma grafu mpaka mwisho kana kwamba mpaka haupo. Na kwa kishada kilichokaa vibaya juu ya deltoidi, mpaka wenyewe unashuka chini ya 120.

Kugawana mabega kulituponza pia. Ukilinganisha kulia na kushoto, mikono inayobandika ni sehemu ya kipimo. Watu wawili wanaweza kuwa hodari kila mmoja kivyake na bado wakazaa tofauti isiyokuwepo mwilini.

Kilichotuokoa

Picha za vibandiko na rekodi ghafi. Kama tungehifadhi mistari iliyokwisha kuchakatwa peke yake, ripoti ile ingekuwa inasomwa hadi leo.

Pia mtu aliyeweka kiganja mgongoni mwa mhusika na kukataa kunyamazishwa na skrini. Kiganja hakitoi digrii, lakini kinaujua mfupa unaopita chini yake. Hesabu yake ya digrii 125 ilikuwa ya kujumlisha na kutoa tu, na ilitosha kuonyesha kwamba namba zetu hazikai pamoja. Sasa hesabu hiyo tunaifanya kabla ripoti haijatoka: mchango wa kombe na wa kiungo vinajumlishwa, na ukionekana mmoja unabebeshwa kupita kiasi, tunarudi kwenye video.

Kalibresheni mbili nazisifu kwa kiasi. Zinalazimisha kishada kusema kweli kwenye ncha mbili za mwendo. Katikati programu inachukulia kwamba ngozi inaachana na mfupa taratibu kwa ulingano. Hilo linakubalika ikiwa mkono unainuka katika njia ileile uliyofanyiwa kalibresheni, bila mzigo. Mpe mtu uzito mkononi, au mwambie ainue kwa mbele badala ya pembeni, na dhana hiyo imepoteza sehemu ya haki yake.

Jambo ambalo hatujalimaliza

Kazi yote niliyoieleza ni ya mkono kupanda. Kombe linalobenuka kama bawa mara nyingi hujionyesha mkono unaposhuka, misuli inapolegeza polepole, na wakati huo deltoidi haijajikunja kama ilivyokuwa njia ya kwenda juu. Kishada kwa hiyo kinakaa tofauti katika pembe ileile ya mkono. Kwa sasa tunamsimamisha mtu kwenye digrii 90 mara mbili, akipanda na akishuka, na kubana kifaa cha miguu mitatu mara zote mbili. Pale vipimo viwili visipokubaliana, sehemu ya kushuka tunaichora kwa mstari wa vitone, na chini yake tunaandika kwa maneno ya kawaida, ambayo mpimwaji anaweza kuyasoma mwenyewe, kwamba hapo tumeona ngozi.